Msiniambie Alizaliwa Hivyo

Wajukuu zangu wa Kilifi, wa Malindi, wa Ganze na Magarini, nisikilizeni. Mimi ni mzee, mvi zangu mnaziona, na nitazisema baadaye kwa sababu siku hizi mvi ni kesi. Lakini leo nina neno la kugombana nanyi.

Tangu makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie yaanze kufukuliwa msituni Shakahola Aprili 2023, kila nipitapo penye vijana nasikia hukumu ileile juu yake. Kwenye stendi ya bodaboda, mangweni, hata matangani ambako mngetakiwa kunyamaza. "Yule alizaliwa hivyo. Ana damu ya shetani." Hukumu ikishatoka, mazungumzo yanarudi kwenye mpira. Najua hamna nia mbaya. Mtu akishindwa kuelewa jambo hulitupa mbali naye, na hakuna mbali kuliko tumbo la mama wa mtu mwingine.

Neno hilo linanitia hofu. Kijana anayeamini kwamba muuaji huzaliwa muuaji hujitazama kwenye kioo, haoni pembe, akalala usingizi. Anajiona hayumo katika hesabu. Nami nawaambia sote tumo, na hapa kwetu ushahidi wa jambo hilo ulizikwa kwenye mashimo ambayo hata mbwa angeweza kuyafukua.

Jibu lenu, kwanza, si jipya. Wazee wa wazee wangu walikuwa nalo, tena walilitumia. Pwani hii, kwa Waswahili na kwa Mijikenda, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini alikuwa kigego. Alikuwa nuksi. Iliaminika kwamba akiachwa akue atawamaliza wazazi wake na ndugu zake. Kwa hiyo wako ambao hawakuachwa wakue. Hebu fikirini: kiumbe cha miezi saba, hajui hata kuita mama, anahukumiwa kwa kosa la kesho kutwa, na wanaomhukumu ni watu wazima wenye akili zao, wenye watoto wao nyumbani. Waliogopa kwamba huyu ataua, basi wakaua wao. Sasa nijibuni, katika kisa hicho muuaji ni nani? Na wale hawakuwa watu wakatili. Walikuwa wapole, wakarimu kwa mgeni, wakilia kwenye misiba kama mimi na nyinyi. Walilelewa katika imani hiyo, siku ilipofika wakaitii.

Ujinga huo haukuwa wetu peke yetu. Mwaka 1876 daktari mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa, na kwamba anatambulika kwa fuvu, taya na masikio yake. Alikuwa kapima vichwa vya wafungwa, walio hai na waliokufa. Ulaya nzima ikamsikiliza. Ilichukua hadi 1913 ndipo daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, alipochapisha kazi ya kulinganisha maelfu ya wafungwa na watu wasio wafungwa, wakiwemo wanajeshi na wanafunzi, asiione hiyo sura ya mhalifu aliyoisema Lombroso. Profesa wa Italia na bibi yangu walikuwa wanasoma kitabu kimoja. Tofauti ni kwamba profesa alishika rula.

Siku hizi hawapimi vichwa tena. Wanatazama jeni na picha za ubongo, na hapa lazima niwe mkweli kwenu: kuna kitu wamekiona. Mwaka 1993 watafiti wakiongozwa na Mholanzi Han Brunner waliandika habari za ukoo mmoja wa Uholanzi ambao baadhi ya wanaume wake walikuwa na hasira na ukatili usio wa kawaida, na wanaume hao walikuwa na kasoro katika jeni moja inayoitwa MAOA. Magazeti yakashangilia: damu ya uuaji imepatikana! Haikuchukua miaka kumi jibu likapata mkia. Huko Dunedin, New Zealand, watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa 1972 na 1973 wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu utotoni. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao waliwatazama vijana wa kiume katika kundi hilo. Wale wenye jeni hiyo katika hali yake dhaifu, tena walioteswa utotoni, walielekea zaidi kwenye ukatili. Wenye jeni ileile ambao hawakuteswa hawakuonyesha mwelekeo huo. Wataalamu bado wanabishana juu ya nguvu ya jambo hili, lakini hakuna anayesema tena kwamba jeni peke yake inamshika mtu mkono hadi kwenye panga.

Kuna kisa kimoja nakipenda zaidi ya hizo hesabu. James Fallon, profesa wa ubongo katika chuo kikuu kimoja cha California, alikuwa akichunguza picha za ubongo wa wauaji, huku mezani pake kukiwa na picha za watu wa familia yake kwa ajili ya utafiti mwingine. Katika zile za familia akakuta moja inayofanana kabisa na za wauaji. Akafungua jina. Ilikuwa yake mwenyewe! Alipofuatilia ukoo wake akakuta wauaji kadhaa huko nyuma. Na yeye alikuwa mume, baba, mwalimu wa wanafunzi, hajamuua mtu. Aliandika baadaye kwamba anaamini kilichomwokoa ni malezi, yaani wazazi waliompenda.

Mnazi mnaujua. Mti uleule, kwenye shamba lilelile, ukiachwa unazaa nazi za kupikia wali, ukigemwa unatoa tembo, na tembo lile asubuhi ni tamu hata mtoto analinywa, jioni linaangusha wanaume. Mzee anayeuliza kama ulevi umo ndani ya mnazi au ndani ya kisu cha mgema ameuliza swali zuri la kupotezea wakati. Mimi namtazama mgema: ni nani, amepanda saa ngapi, na nani alimpa ruhusa.

Haya, tuje Kenya. Juni 2010 polisi walimkamata Philip Onyancha, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi, akakiri kuwaua zaidi ya watu 15, wengi wao wanawake, na kwamba shabaha yake ilikuwa watu 100. Alisema kwamba akiwa shule ya sekondari aliingizwa na mwalimu katika kundi la kunywa damu. Hayo ni maneno yake, na maneno ya mtu aliye mikononi mwa polisi hupimwa. Lakini angalieni anachokishika: hata yeye, alipotafuta mwanzo wake, hakusema alizaliwa hivyo. Alimtaja mtu aliyemwalika.

Julai 2021 akakamatwa Masten Wanjala, umri miaka 20, akakiri kuua watoto zaidi ya 10, akianza akiwa na miaka 16. Alikuwa akiwavuta wengine kwa kujifanya kocha wa mpira. Mnajua namna watoto wetu wanavyopenda mpira. Tarehe 13 Oktoba 2021 akatoroka kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi, na siku mbili baadaye akaonekana kwao Bungoma. Umati ukamwua. Nchi nzima ikapumua. Mimi nilisoma habari hiyo mara mbili. Juu ya Wanjala yaliandikwa maswali chungu nzima: alilelewaje, ana pepo gani, akili zake ni timamu? Juu ya umati hakuna aliyeuliza swali hata moja. Watu kadhaa walimpiga mtu hadi akafa, kisha wakarudi nyumbani kula chakula cha mchana, na hakuna aliyesema kwamba hao wana damu ya shetani. Simtetei Wanjala, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba siku ile palikuwa na wauaji wengi kuliko mmoja, na mmoja tu ndiye tuliyempima ubongo.

Sasa Shakahola. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Paul Mackenzie alikuwa dereva wa teksi Malindi. Wako watu wazima mjini aliowabeba na mizigo yao ya sokoni. Mwaka 2003 akaanzisha kanisa, Good News International, na kwa miaka mingi mahubiri yake hayakuwa tofauti sana na ya wengine: mwisho wa dunia, pepo, toba. Kisha yakaanza kupunguza. Sikilizeni jinsi yalivyopunguza, kwa sababu mafunzo yote ya kuua yanafuata njia hiyo, ya kupunguza. Kwanza shule: elimu ni ya shetani, watoto watolewe. Mwaka 2017 alifikishwa mahakamani kwa hilo. Kisha hospitali: dawa ni ukosefu wa imani. Kisha vitambulisho: 2019 serikali ilipoleta Huduma Namba akasema ni alama ya mnyama. Mwaka huohuo alifunga kanisa la Malindi akawaita watu wamfuate msituni, bara huko, kwenye ardhi ya ranchi ya Chakama. Wakagawiwa vipande vya ardhi, vijiji vikapewa majina ya Biblia, Bethlehemu, Yudea. Wako walioacha kazi, wako waliouza nyumba. Ndugu akipiga simu hakupokelewa.

Mnaona? Mtoto asiyekwenda shule hana mwalimu wa kuuliza mbona hakuonekana wiki nzima. Mgonjwa asiyekwenda zahanati hana daktari wa kushangaa uzito wake. Mtu asiye na kitambulisho hayumo katika daftari lolote. Kabla hajafa mtu hata mmoja, kila jicho ambalo lingeona lilikuwa limeshafumbwa, na kila hatua ilipewa aya ya Biblia na ikaitikiwa amina. Neno kufunga hadi kufa lilikuja mwisho kabisa. Lingetangulia, hata mwendawazimu angekataa.

Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, wakiwemo watoto, walikuwa na alama za kunyongwa, kupigwa au kuzibwa pumzi. Maana yake kulikuwa na walinzi. Kulikuwa na watu waliozuia wenye njaa wasikimbie, na Kamati ya Seneti iliyochunguza mambo haya chini ya Danson Mungatana ilieleza habari zao. Ushahidi uliotolewa unasema watoto ndio waliotangulizwa. Mapema 2024, Mackenzie na wenzake walishtakiwa katika Mahakama Kuu ya Malindi kwa mauaji ya watoto 191, na wakakana. Mashtaka mengine yako Mombasa, ya kuua bila kukusudia na ya ugaidi, nayo wameyakana. Mahakama itasema yake na mimi siingilii.

Ninachokiuliza mimi hakihitaji hakimu. Wale walinzi walitoka wapi? Je, Mungu alikusanya kwa bahati waliozaliwa na jeni mbovu kutoka pembe zote za Kenya, akawaleta wote kwenye kanisa moja la Malindi? Na wale mama waliokaa kando ya watoto wao wakiwaona wanakauka, wakiwakataza wasiombe maji, mtaniambia walizaliwa bila uchungu wa mwana? Waliwanyonyesha watoto hao. Waliwabeba mgongoni wakisafiri kuja huku. Walichofundishwa ni kwamba upendo wa kweli ni ule, na aliyewafundisha alikuwa na sauti nzuri na subira ya miaka.

Mwaka 1961, huko Yale, Marekani, Stanley Milgram aliwaweka wanaume wa kawaida mbele ya mashine, akawaambia wamtie mtu umeme kila anapokosea jibu. Umeme haukuwa wa kweli na mtu yule alikuwa mwigizaji, lakini wao hawakujua. Walimsikia akigonga ukuta. Kando yao alisimama bwana mmoja mwenye koti la kazi akiwaambia kwa sauti tulivu waendelee. Katika kundi lililozungumzwa sana la watu 40, 26 waliendelea hadi swichi ya mwisho, volti 450. Wengine walitokwa na jasho, wengine walicheka cheko la wasiwasi, lakini wakabonyeza. Saa moja tu ya koti na sauti tulivu. Wale wa Shakahola walisikia sauti yao kwa miaka.

Nilisema nitazisema mvi zangu. Nimefika.

Shakahola imetusaidia sisi watu wa Kilifi kwa jambo moja la aibu: imetupa muuaji wa kumnyooshea kidole, na wengi wa waliokufa walitoka nje ya kaunti. Lakini miaka mingi kabla ya Mackenzie kuingia msituni, na hadi leo, huku kwetu wazee wanauawa. Mnajua, msinitazame hivyo. Mzee anakatwa panga usiku kitandani mwake, asubuhi watu wanasimama mbali wakinong'ona kwamba alikuwa mutsai, yaani mchawi. Ganze kuna Kaya Godoma, mahali walipokimbilia wazee waliotuhumiwa uchawi, wanaume kwa wanawake, wameacha nyumba na minazi yao waliyoipanda. Wako rika langu wanaopaka nywele rangi nyeusi. Mzee wa miaka 75 anakwenda dukani kununua rangi ya nywele kama kijana anayekwenda harusini, kwa sababu anamwogopa mjukuu wake!

Jinsi inavyokwenda nitawaeleza, kwa kuwa wanaokufa kwa jambo hili wananihusu. Kuna shamba. Bei ya ardhi imepanda, mnunuzi yuko tayari, na mzee hataki kuuza kwa sababu makaburi ya baba zake yamo humo. Kisha mtoto anaugua ghafla, au ng'ombe anakufa, au binti hapati mimba. Watu wanakwenda kwa mganga, mburuga, yaani ramli, inapigwa, na jina linatoka. Ajabu ya mburuga za siku hizi ni kwamba jina likitoka aghalabu lina shamba. Baada ya hapo kazi inakuwa ya maneno tu. Haitwi tena babu, anaitwa "yule". Haitwi kwa jina lake. Anasemwa kwenye simu, kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na kila anayelisoma hilo akanyamaza ametia saini. Ikifika usiku wa panga, mzee ameshauawa mara nyingi mdomoni, na kijana anayeingia na silaha anamalizia tu.

Siwasifii wazee wa zamani kupita kiasi, nimeshawaambia habari za vigego. Lakini hata zamani mtuhumiwa wa uchawi alikuwa na kikao. Alipelekwa kwenye kiraho, yaani kiapo cha kumpima, cha papai au cha tsoka, mbele ya watu, mwenye kumshtaki akiwepo na uso wake. Yalikuwa mambo ya kutisha na siyataki yarudi, ila palikuwa na mahali ambapo hasira ilisubiri. Leo ni kutoka mburuga hadi panga, na katikati pana pikipiki tu. Sheria ya uchawi tuliyo nayo tangu 1925 inasema kumtuhumu mtu uchawi mitaani ni kosa lenyewe. Nani kati yenu aliwahi kumwona mtu akishtakiwa kwa kosa hilo?

Na pikipiki ndiyo inayonileta kwenu. Anayelitaka shamba, yule mwana au mpwa anayetaka kuuza, mara nyingi hapigi panga mwenyewe. Anatafuta kijana. Anamtafuta maskani, penye mtu asiye na kazi, mwenye deni la pikipiki, aliyezoea muguka, ambaye baba yake alimpiga mpaka akaacha kulia. Kijana wa namna hiyo yupo kila kijiji, na ninyi mnamjua kwa jina. Hataambiwa aue. Kijana mmoja nimjuaye, sasa ni mtu mzima ana watoto wake, aliambiwa hivi: "Kazi yako ni kushika pikipiki tu." Ashike pikipiki njia panda, basi. Ataona watu wanakwenda, ataona wanarudi, atapewa pesa yake. Alikwenda nyumbani akamweleza nyanya yake usiku huohuo, na nyanya hakungoja kuche. Mzee aliyekuwa anatafutwa akalala kwingine, na leo bado yuko hai, mkaidi kama zamani, hata salamu yangu haitikii vizuri.

Lakini tuseme angeshika pikipiki. Mara ya pili wangempigia simu yeye kwanza, kwa sababu ameshajulikana. Mara ya tatu asingeshika pikipiki. Hivyo ndivyo muuaji wa mfululizo anavyopatikana kwetu, wajukuu zangu. Hana chumba cha siri chenye picha ukutani kama wale wa filamu zenu. Ana namba ya simu ambayo wanaotaka mashamba wanapeana.

Nisije nikaonekana nasema watu wote wanazaliwa sawa. Hapana. Nimelea, nimeona. Yupo mtoto anayeumia akiona kuku anachinjwa, na yupo asiyejali. Yupo anayekasirika kama petroli. Mwaka 1963 daktari mmoja wa magonjwa ya akili huko Marekani, J. M. Macdonald, alitaja mambo matatu ya utotoni aliyoyaona kwa watu wenye vitisho vya kuua: kukojoa kitandani, kuchoma vitu moto na kutesa wanyama. Hadi leo filamu zinayarudia, ingawa watafiti waliofuata hawakuweza kuthibitisha kwamba matatu hayo pamoja yanabashiri uuaji. Anayekojoa kitandani mwacheni, atakua. Mbadilishieni shuka bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Lakini mkimwona mtoto anamchoma paka kwa makaa huku anacheka, msimwite kitimvi mkaondoka. Kaeni naye. Muulizeni nani anamchoma yeye. Mara nyingi yupo mtu, na mara nyingi mtu huyo anaheshimiwa kijijini.

Hilo la mwisho ni letu sisi wazee kuliko lenu, nakubali. Watu wa umri wangu wamewapiga watoto kwa mikwaju na waya wakiita malezi, kisha wakashangaa kwamba vijana hawana huruma na mvi. Huruma haimzukii mtu ukubwani. Sikulaumu, kijana uliyelelewa kwa waya. Nakuambia tu kwamba yule anayekuja kukutafuta maskani anajua ulilelewa hivyo, na ndiyo maana amekuchagua wewe akamwacha mwenzako.

Msiniulize basi mtu fulani ana damu gani. Niulizeni ni lini mlianza kumwita "yule". Niulizeni mhubiri wenu, au sheikh wenu, au mganga wenu, au mkubwa wenu wa kundi, wiki hii amewakataza kuongea na nani. Akikukataza mama yako, daktari wako na mwalimu wako kwa mwezi mmoja, ondoka, hata kama sauti yake ni nzuri na hata kama alikuombea ukapona. Na ukiambiwa kazi yako ni kushika pikipiki tu, rudi nyumbani kwa miguu.

Kisha semeni. Nasema hivyo nikijua kusema kwenyewe kunachosha. Machi 2023 Mackenzie alikuwa amekamatwa kuhusu watoto wawili waliokufa njaa na kuzikwa Shakahola. Akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi mmoja baadaye ndipo makaburi yalipoanza kufunguliwa. Wako ndugu waliokwenda kituoni kabla ya hapo na kurudi mikono mitupu. Na msidhani imekwisha: Agosti 2025, katika kijiji cha Kwa Binzaro, hukohuko upande wa Chakama, polisi walifukua tena, na idadi ya miili ikapita 30. Mahakama zilikuwa bado zinasikiliza kesi za Shakahola.

Kwa hiyo mkienda kwa chifu asiposikia, nendeni kwa naibu kamishna wa kaunti. Asiposikia, nendeni mkiwa watano, muandikishe kituoni na mchukue namba ya OB, yaani ya daftari la matukio, mkononi, msitoke bila hiyo namba. Kwa mtoto pigeni 116, ni bure, hata kwa simu isiyo na salio, na hawakulazimishi kutaja jina lako. Kwa mzee aliyeanza kutajwatajwa, mhamisheni kwanza usiku huohuo, ushahidi mtautafuta mchana. Mlango wangu mnaujua. Nafunga kwa gogo kwa ndani siku hizi, basi gongeni kwa nguvu na mtaje majina yenu.